Sikio la Kulia

Msana wetu ni mrefu na mwembamba,
upana wake ni boriti moja, basi.
Aliyeujenga hakuulizwa
sauti itakaa wapi.

Dukani Twaha alinionyesha minara miwili myeusi,
vifua mbele kama mabawabu.
"Hizi," akasema, "zinatikisa mtaa."
Mtaa wetu wa Mkomani hauna haja ya kutikiswa:
ukuta wa jirani ndio ukuta wetu,
Bi Khuzaima akipiga chafya kwake
sisi humwombea rehema huku.

Mfukoni nilikuwa na uzi wa kushonea
wenye mafundo mawili: upana wa kidaka, na kina chake,
shubiri moja na nyanda tatu.
Nikaupima uzi juu ya kila spika
Twaha akinitazama kama mnunuzi wa kitambaa.
Nikachagua tano ndogo, zisizojisifu,
na sabufa moja, nene,
yenye mkao wa mpishi wa harusi.

Punda alizifikisha mlangoni, akaondoka na deni.
Lali akafungua karatasi ya maelezo:
chumba cha mraba, watu wanne wasio na nyuso,
kochi katikati kabisa.
Hakuna zidaka. Hakuna mama.

Wetu alikuwa amesimama tayari, mkono kiunoni.
"Kidaka cha kati hakiguswi."
Humo mna sahani ya bibi yake,
ufa wake umeshonwa kwa waya tangu enzi hizo.
"Waya mwingine hapa hauingii."

Tukaanza na sabufa. Pembeni ilinguruma
hata vumbi la chokaa likashuka busatini
na sahani zikagongana meno.
Tukaivuta, hatua kwa hatua,
Lali akitambaa sikio chini
kama mtu aliyeangusha pete,
mpaka ngurumo ikakubali kuwa ngoma.

Bado kila neno lilisemwa mara mbili.
Chokaa ile, iliyosuguliwa ikang'aa,
haimezi kitu.
Mama akaenda ndani bila kusema,
akarudi na pazia zito la Idi,
akalitundika ukuta wa nyuma.
Mwangwi ukanyamaza
kama mtoto aliyeonyeshwa jicho.

Akabaki baba.
Sikio la kushoto aliliacha kiwanda cha barafu,
kwenye jenereta, miaka kumi na tisa.
Hukaa mwisho wa kochi, upande wa dirisha,
ili la kulia litukabili sote.
Filamu za kuchekesha hucheka baada yetu,
akishaona meno yetu.

Karatasi inasema msikilizaji akae katikati.
Kwetu katikati hakai mtu,
huwekwa sinia.

Basi nikaing'oa spika ya nyuma mahali pake,
nikaitia kidaka kidogo, karibu na bega lake la kulia,
nikaigeuza imtazame.
"Imekwenda upande," Lali akalalamika.
Nikamwambia hata baba amekaa upande.

Usiku ule tuliweka filamu, jina silikumbuki.
Mtu anatembea peke yake, mji si wake.
Wingu likajikunja kiooni,
na mvua ikaanza nyuma yetu,
tone, tone, kisha yote.

Baba akanyanyua kichwa kabla ya mtu yeyote.
"Mama Lali! Mvua iyo! Nguo yuu!"

Mama alikuwa keshafika ngazini,
kandambili moja imebaki busatini.
Mimi na Lali tukatazamana,
hakuna aliyethubutu kupumua.

Akarudi amekumbatia nguo zote,
kanzu, mashuka, sare ya shule ya mjukuu,
kavu, bado zina joto la sakafu ya juu.
Akasimama mbele ya runinga
akamwona yule mtu akifungua mwavuli.

Baba akacheka.
Hakutazama meno ya mtu.